Shajara ya mradi wa enka: wiki 14 na timu ya mpira wa wavu

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimefungua daftari jipya leo kwa sababu la zamani limenitia aibu. Jana usiku nilikuwa nalipekua kutafuta tarehe ya mechi fulani, nikajikuta nahesabu kitu kingine kabisa. "Enka kulia." "Enka kushoto." "Enka tena." Enka, yaani kifundo cha mguu, ilikuwa imeteguka mara 9 kwa wachezaji 14 katika msimu mmoja. Neno "tena" lilikuwemo mara 6, mwandiko wangu mwenyewe, na sikuwahi kujiuliza linataka kuniambia nini.

Mimi ni kocha msaidizi. Kwa kuwa niliwahi kupita kozi ya huduma ya kwanza, mkoba wa dawa ni wangu, na kwa kuwa mkoba ni wangu, kila anayeanguka ananitazama mimi. Enka yangu ya kushoto nayo imeteguka mara nisizozikumbuka. Siku hizi nikishuka ngazi inakunjika na kurudi yenyewe kama bawaba iliyolegea, wala siumii. Nilikuwa nadhani ni uzee.

Mradi ni wa wiki 14, hadi mwisho wa mzunguko wa kwanza. Nataka "tena" zipungue, na nataka anayeumia arudi uwanjani kwa kipimo, si kwa kusema "niko fiti, kocha." Mfiziotherapia wetu, ambaye wachezaji wanamwita dokta na ameshachoka kuwakatalia, ameahidi kuja kila Jumatano. Kocha mkuu amesema sawa, mradi nisimlie muda wa mazoezi.

Tumekubaliana pia cha kuhesabu: enka iliyomtoa mchezaji mazoezini au mechini, au iliyomfanya akose siku inayofuata. Kujikwaa, kupiga kelele na kuendelea hatuhesabu. Majina siandiki, natumia namba za jezi.

Wiki ya 1, Jumatano

Dokta amenichorea mguu nyuma ya karatasi ya mahudhurio. Mifupa miwili ya muundi, tibia na fibula, inashuka na kufanya kitu kama koleo, na ncha zake ndizo zile nundu mbili tunazoziita jicho la mguu, la ndani na la nje. Katikati ya koleo umekaa mfupa wa talasi. Sikuwa najua kwamba talasi si sawa pande zote: mbele ni pana, nyuma ni mwembamba. Ukiinua vidole kuelekea muundi, sehemu pana inaingia kwenye koleo na mguu unakaza. Vidole vikielekea chini, kama vinavyokuwa mtu anaposhuka kutoka hewani, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki ndani, na mfupa unapata nafasi ya kuchezacheza. Mguu unagusa ardhi ukiwa katika hali yake dhaifu kuliko zote.

Hapo zinazobaki kushikilia ni ligamenti, kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa ndani iko moja pana na ngumu. Upande wa nje ziko 3, nyembamba, kila moja na njia yake. Ndiyo sababu wayo karibu kila mara hukunjikia ndani na maumivu yakaja nje. Inayoanza kuchanika ni ya mbele, ile inayofunga fibula na talasi. Mkunjo ukizidi, inafuata ile inayoshuka hadi kisigino. Ya nyuma huguswa mara chache.

Nilimwambia sisi tunasema "mshipa umeshtuka." Akacheka. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa paja, kila kitu kwetu mshipa! Lakini tofauti ina faida hapa, maana mshipa ulioshtuka unasubiriwa utulie, na ligamenti iliyochanika inabidi ijengwe upya. Madaraja ni matatu: imevutika tu, imechanika sehemu, imekatika kabisa. Mchezaji hawezi kujua lake kwa kuangalia ukubwa wa uvimbe, na mimi pia siwezi.

Wiki ya 2

Wiki ya kupima. Vifaa vyangu: ukuta, rula, saa ya simu.

Kipimo cha kwanza ni goti kwa ukuta. Unavua viatu, unaweka wayo mbele ya ukuta, unapiga goti mbele hadi liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Ukifaulu unarudi nyuma kidogo, unajaribu tena, mpaka ufike mwisho. Umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani ndio jibu. Namba yenyewe hainishughulishi sana, nalinganisha mguu na mguu.

Namba 7 alikuja akitafuna bazoka, akaweka mguu wa kulia: sentimita 11. Akaweka wa kushoto. Goti likasimama hewani, ukuta uko pale karibu, kisigino kikaanza kuinuka. Nikamwambia kisigino chini. Akasogea mbele, akasogea tena. Sentimita 7. Aliacha kutafuna. "Kocha, huu ndio ulioteguka mwaka juzi. Lakini huu ulishapona." Nikaandika 11 na 7, nikanyamaza.

Kipimo cha pili ni kusimama kwa mguu mmoja, sekunde 30, mikono kiunoni, kwanza macho wazi halafu yamefumbwa. Macho wazi karibu wote walipita. Macho yalipofumbwa ukumbi uligeuka kituko: watu wenye misuli ya kuruka juu ya wavu wanapepesuka kama walevi kabla ya sekunde 8. Nilipoziweka namba kando ya daftari la msimu uliopita, miguu 5 iliyofanya vibaya kuliko yote ilikuwa na historia ya kuteguka. Wa sita ulikuwa wangu.

Wiki ya 3

Swali la kwa nini enka iliyoteguka hupenda kuteguka tena lina jibu la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1965 Freeman, daktari mpasuaji wa Uingereza, na wenzake waliandika kwamba ligamenti inapochanika hazichaniki nyuzi zake tu. Ndani yake kuna neva ndogo zinazoupasha ubongo habari kwamba wayo uko hivi, umeinama kiasi hiki. Habari zikichelewa au zikipotoka, mguu unatua bila kujua umekaaje, na mtu anasema "umeniachia tu." Wakawapa wagonjwa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba. Leo hii ubao huo uko karibu kila chumba cha fiziotherapia.

Dokta ameongeza jambo lililonikalia kichwani. Enka hukunjika ndani ya muda mfupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde, na misuli ya upande wa nje wa muundi, yenye kazi ya kuuzuia wayo usigeukie ndani, huchelewa kuitika. Ikifika, shughuli imekwisha. Kwa hiyo hatumfundishi mtu kujiokoa wakati anakunjika. Tunaufundisha mwili kujiandaa kabla ya kugusa chini, misuli iwe imeshakaza wakati mguu bado uko hewani.

Nimetengeneza mbao 4: kipande cha mbao bapa, chini yake nusu ya mpira mgumu. Ya kwanza ilipasuka nilipoipanda mwenyewe. Ratiba niliyowapa ni ya dakika 10 nyumbani, mara 3 kwa wiki: kusimama kwa mguu mmoja, kunyanyuka kwa vidole, kusukuma wayo kwenda nje dhidi ya ukanda wa raba, na kuruka kidogo na kutua kimya. Neno "kimya" nimelipigia mstari. Anayetua kwa kishindo ametua na magoti yaliyonyooka.

Wiki ya 4

Nimekusanya karatasi za mazoezi ya nyumbani. Kati ya 14, zilizojazwa ni 5. Mbili kati ya hizo zimejazwa kwa kalamu ileile, siku ileile, alama ileile ya vema iliyoteremka ukurasa mzima bila kuinua mkono. Namba 12 hakuleta karatasi, kaleta maelezo.

Sina haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe nimefanya mara moja, nikipiga mswaki, nikaanguka kwenye sinki.

Wiki ya 5, Alhamisi

Imetokea mazoezini, seti ya pili. Pasi ilikwenda karibu mno na wavu. Namba 4 akaruka kupiga, namba 10 upande wa pili akaruka kuzuia, wote wakashuka mahali pamoja. Niliona mguu wa kulia wa namba 4 ukitua juu ya kiatu cha namba 10, nusu juu ya kiatu na nusu hewani, wayo ukalala ubavu. Alipiga ukelele mfupi. Tulipofika alikuwa ameshika muundi kwa mikono miwili, akisema "usiguse, usiguse, usiguse."

Nahodha alifika na mrija wa dawa ya kuchua, kifuniko kimeshafunguliwa.

"Kocha, nimchue kidogo damu itembee."

"Weka chini hiyo."

"Lakini siku zote..."

"Siku zote tumekosea."

Nilimjibu vibaya, baadaye nikamwomba radhi. Lakini kuna damu inavuja ndani pale, na kuchua au maji ya moto katika siku 2 au 3 za mwanzo huizidisha. Pombe pia, na kukimbia pia.

Kabla ya barafu, swali ni moja: kuna mfupa umevunjika? Hapa natumia kanuni za Ottawa, zilizotokana na kazi ya Dk. Ian Stiell na wenzake katika mji huo wa Kanada, zikachapishwa mwaka 1992. Nimezibandika ndani ya kifuniko cha mkoba. Unabonyeza mfupa, si nyama, kwenye ukingo wa nyuma na ncha ya jicho la mguu, sentimita 6 za mwisho, nje na ndani. Unabonyeza pia kitako cha mfupa wa kidole kidogo, ule uliojitokeza ubavuni mwa wayo, na mfupa wa navikula upande wa ndani juu ya upinde. Ukigusa mfupa mmojawapo na ukauma, eksirei. Halafu hatua 4: alishindwa kukanyaga palepale, na bado anashindwa anapofika kwa tabibu? Eksirei. Kuchechemea kunaruhusiwa, hatua ni hatua. Uzuri wake ni kwamba asipokuwa na hata dalili moja kati ya hizo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana, na mtu hapigwi picha bure. Mlevi, mwenye ganzi miguuni, au aliyeumia vibaya mahali pengine hapimwi hivi, maana maumivu yake hayaaminiki.

Namba 4 hakuumia nilipobonyeza mfupa. Hatua zikamshinda, moja tu, akaning'inia begani kwangu. Kwenye kituo cha afya pia hakufikisha 4. Tukapiga picha. Mifupa mizima. Tulirudi saa 4 usiku, mguu umefungwa bandeji kutoka vidoleni kupanda juu, umeinuliwa kwenye kiti cha mbele, na mimi kila baada ya muda namuuliza kama vidole vina ganzi.

Wiki ya 5, Jumamosi

Nimeulizwa na watu 3 kuhusu barafu, kila mmoja na msimamo wake. Naandika wangu.

Ile amri ya kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua mguu ilienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vinachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya ukarabati wa mwili. Ni nadra mtu kuikosoa amri iliyompa jina. Katikati hapo, mwaka 2012, wataalamu walikuwa wameshapendekeza "kupumzika" kubadilishwe kuwe "mzigo wa kiasi."

Mimi barafu bado naiweka mkobani. Naitumia kutuliza maumivu: dakika 15, ndani ya kitambaa, kamwe si juu ya ngozi tupu. Siahidi kwamba inaponya. Kubana na kuinua mguu juu ya usawa wa moyo ndiko ninakokupa uzito zaidi. Na kulala kitandani wiki nzima nimekufuta kabisa.

Wiki ya 6, Jumatano

Dokta alikataa kutoa daraja ile siku ya kwanza, na sasa naelewa. Uvimbe na woga hukaza mguu, kipimo kinadanganya. Baada ya siku 4 au 5 ndipo anaweza kushika kisigino, kukivuta mbele, na kuhisi kama talasi inatoka kuliko kawaida. Leo ameshika. Ameulinganisha na mguu mzima. "Daraja la 2," akasema, na namba 4 akauliza kama hiyo ni nzuri.

Damu imevilia hadi chini ya vidole, zambarau inayogeuka kijani. Namba 4 anaogopa rangi. Nikamweleza damu inafuata mvutano wa ardhi tu, haina maana kwamba vidole navyo vimeumia.

Kazi yake ya wiki hii: kuandika herufi hewani kwa kidole gumba, A hadi Z, mara kadhaa kwa siku. Kutembea na magongo lakini wayo ukanyage, kisigino kwanza halafu vidole, uzito kadiri maumivu yanavyoruhusu. Sharti la dokta ni kwamba maumivu yakipanda na yakabaki juu hadi kesho yake asubuhi, jana tulizidisha. Kama ligamenti ingekuwa imekatika kabisa, angeweza kufungwa mguu usisogee kwa siku chache, si zaidi ya 10 hivi, halafu kazi ileile ianze.

Wiki ya 7

Mabadiliko makubwa ya mradi, na wazo si langu. Ni la namba 12, yule wa maelezo. Alisema: "Kocha, hatuchukii kusimama kwa mguu mmoja. Tunachukia kusimama peke yetu chumbani kama kuku."

Karatasi za nyumbani nimezichana. Sasa mazoezi yamo ndani ya kupasha misuli moto. Wawili wawili, kila mmoja mguu mmoja, wanapasiana mpira. Anayeweka mguu chini anapoteza pointi. Halafu mmoja juu ya ubao. Halafu kuruka na kutua kwa mguu mmoja na kuganda, mwenzako akikusukuma bega kidogo. Dakika 8. Kocha mkuu alitazama saa yake siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa anahesabu pointi.

Mahudhurio ya mazoezi haya sasa ni sawa na mahudhurio ya timu, kwa kuwa ni kitu kimoja. Nimepoteza wiki 4 kujifunza hilo.

Wiki ya 8, Jumanne

Namba 2 kaumia, lakini namna nyingine. Wayo ulinasa sakafuni, mwili ukazunguka, wayo ukabaki umeelekea nje. Uvimbe mdogo, karibu hakuna, na wenzake wakamwambia atarudi kesho. Maumivu hayakuwa chini ya jicho la mguu, yalikuwa juu yake, mbele, katikati ya mifupa miwili. Nilipobana muundi katikati, tibia na fibula kwa pamoja, aliruka kwa maumivu ya kule chini ambako sikugusa.

Hii ndiyo inaitwa enka ya juu. Zilizoumia ni ligamenti zinazoyafunga mataya ya koleo, yaani tibia na fibula, yasiachane. Kila anapokanyaga, talasi inayasukuma yafunguke, kwa hiyo hupona polepole zaidi kuliko ile ya kawaida, na mataya yakiachana kabisa upasuaji hujadiliwa. Tumempeleka hospitali palepale. Nimejifunza kutotumia uvimbe kama mizani.

Wiki ya 8, Jumamosi

Tulirekodi mazoezi kwa simu iliyowekwa sakafuni usawa wa mstari wa kati. Video ya dakika 20, nimeitazama mara 3, kila mara naangalia miguu tu.

Sheria ya wavu inaruhusu wayo kuvuka mstari wa kati mradi sehemu yake ibaki imeugusa mstari au iko juu yake, na usimwingilie mpinzani. Ni ruhusa ya uungwana, lakini maana yake ni kwamba chini ya wavu kuna ukanda mwembamba ambao ni wa pande zote mbili, na miguu miwili inaweza kuudai kwa wakati mmoja bila yeyote kufanya kosa. Namba 4 na namba 10 hawakufanya kosa.

Norwei, miaka ya 1990, Roald Bahr na wenzake walishughulika na jambo hilihili. Waliwafundisha wachezaji wa wavu hatua za mwisho za kukimbilia mpira na namna ya kuruka na kutua, pamoja na mazoezi ya ubao, na kuteguka kukapungua kwa karibu nusu. Kwenye video yangu tatizo ni lilelile: hatua ya mwisho ya mshambuliaji ni fupi na ya woga, anaruka kwenda mbele badala ya kwenda juu, anatua mita nzima kutoka aliporukia. Hatua ya mwisho ikiwa ndefu, inavunja mwendo na kuugeuza kwenda juu.

Nimebandika utepe mwekundu sakafuni, futi moja na nusu hivi kutoka mstari wa kati. Anayetua ng'ambo ya utepe anafanya squati 5. Mpiga pasi wetu amelalamika kwamba wote wanaadhibiwa kwa pasi zake. Ni kweli. Pasi iliyo mbali kidogo na wavu ni kinga ya enka pia, na hilo sikuwa nimeliandika popote.

Wiki ya 9

Kuhusu soksi ngumu za kamba na plasta za kufunga. Plasta inashika vizuri mwanzoni, lakini baada ya nusu saa hivi ya kuruka na jasho imelegea, na inahitaji mkono unaojua kufunga. Ile ya kamba unaikaza mwenyewe kati ya seti. Zote mbili zinasaidia, hasa kwa mwenye historia ya kuteguka. Wasiwasi kwamba misuli italala kwa sababu imevalishwa sijauona ukitokea, ilimradi mazoezi yanaendelea. Tumeamua waliowahi kuteguka wavae mechini na mazoezi ya mchezo kamili, wavue kwenye ubao. Wengine hiari yao. Namba 7 anasema inaharibu mwonekano wa viatu vyake.

Wiki ya 10, Jumatano

Siku ngumu. Namba 4 hana maumivu. Anatembea, anakimbia mbele, anacheka. Jumamosi kuna mechi, na kocha mkuu ameshamwandika kwenye karatasi.

Tukampima. Goti kwa ukuta: 10 na 8. Si mbaya. Kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja: mzima 25, wa kulia 14 halafu kisigino kinatetemeka. Kuruka pembeni kwa mguu mmoja juu ya mistari miwili: mara ya sita akaweka mguu wa pili chini. Dokta akamuuliza swali ambalo mimi nisingeuliza: "Unauamini?" Namba 4 akaangalia chini. "Nikiwa peke yangu nauamini. Mtu akiwa karibu, hapana."

Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana mambo matano ya kutazama kabla ya kumrudisha mchezaji: maumivu, hali ya enka yenyewe, mchezaji anajionaje, anavyoumudu mwili wake, na anavyoufanya mchezo wenyewe. Sisi miaka yote tulikuwa tunatazama la kwanza tu, na ndilo linaloondoka mapema kuliko yote. Ligamenti huendelea kujipanga kwa miezi baada ya maumivu kuondoka.

Kocha mkuu alisema maneno ambayo siyaandiki. Nilimwonyesha ukurasa wa "tena." Aliusoma kwa muda mrefu, akachukua kalamu, akafuta jina. Jumamosi tulipoteza kwa seti 3 kwa 1, na ukumbini kote nilikuwa mtu asiyependwa.

Wiki ya 12

Namba 4 amerudi. Kunyanyuka 23 kwa 25, kuruka pembeni bila kugusa, mazoezi kamili mara 4 akiwa na watu karibu. Amecheza seti moja, akiwa na soksi ya kamba. Kwenye mpira wa karibu na wavu alisita, nikaona. Hilo halina dawa mkobani.

Amepewa wiki 8 za ubao tangu siku aliyorudi, si hadi siku aliyorudi. Uholanzi walijaribu utaratibu wa namna hii, mazoezi ya wiki 8 baada ya matibabu ya kawaida, wakachapisha mwaka 2009 kwamba kuteguka tena kulipungua.

Wiki ya 14

Hesabu. Enka 3: namba 4, namba 2 (ile ya juu), na namba 9 wiki ya 11, siku 6 nje, daraja la 1. "Tena" ni moja, ya namba 9. Mzunguko wa kwanza wa msimu uliopita zilikuwa 5, na "tena" 3. Timu moja, wachezaji 14. Bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti hiyo, kwa hiyo sijatamba popote. Ninachokiamini zaidi ni ukurasa wa vipimo. Mguu wa kushoto wa namba 7 umefika sentimita 9 na nusu. Wangu, macho yamefumbwa, sekunde 19.

Makosa yangu: mazoezi ya nyumbani, na rula. Wiki ya 2 niliwapima baadhi baada ya mazoezi na wengine kabla, na misuli iliyopata moto hunyooka zaidi. Namba za wachezaji 4 nimezifuta. Nitawapima upya.

Mzunguko wa pili unaanza Jumatatu. Jioni hii amekuja mchezaji mpya, mrefu, mkono mzuri, kocha mkuu anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile mechi. Nikamuuliza kama aliwahi kuumia enka.

"Ya kulia, kocha, zamani. Ilishapona kabisa."

Nikamwambia avue viatu, asimame mbele ya ukuta.